Jina la Mia Tano

Jumamosi ile niliitwa kupigia kikoba cha Rau:
akina mama thelathini na mmoja, vitenge vya njano,
turubai la kukodi, spika moja nzima
na nyingine inayokoroma kama mgeni aliyeshiba.
Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Elfu arobaini, chakula,
na kila mwanachama atajwe. Asisahaulike hata mmoja,
mwenyekiti alisema, maana hapa tutagombana.

Majina niliyaandika nyuma ya bahasha ya harusi
ambayo sikuichangia.
Usiku wa kuamkia nikayapanga.
Majina yana uzito, asikwambie mtu.
Manka huingia popote, kama chumvi.
Lakini Ndeonasia hapiti mlangoni bila kuinama:
nilimkata, nikamrudisha, nikamwongezea pigo moja la kidole gumba,
mpaka mke wangu akauliza kutoka kitandani,
“Huyo Ndeonasia ni nani, saa saba hii ya usiku?”

Gitaa langu uzi wa tatu ni waya wa breki ya baiskeli.
Breki zenyewe ziko wapi, usiniulize.

Basi nikaimba.
Kila aliyetajwa alisimama, akajipepesua, akaja kutunza:
noti kwenye paji la uso, jasho ndiyo gundi.
Wenye utani walichungulia tundu la gitaa
kama wanaangalia maziwa kisimani,
wakacheka, wakarudi kukaa.
Nilikuwa nimefika jina la kumi na tisa
alipokuja mmoja asiye na sare,
ametoka nyuma, kwenye masufuria,
majivu mpaka kwenye viwiko.
Akaninong'oneza, “Muweke na Elinami.”
Bahasha haina Elinami.
“Ni nani?”
“Weka tu.”
Akatumbukiza sarafu ya mia tano ndani ya gitaa,
nikaisikia ikitua, ikazunguka, ikalala.

Nikamweka. Baada ya Ndeonasia, kabla ya Manka,
na aliingia, wallahi, kama nafasi iliachwa wazi kwa ajili yake.
E-li-na-mi.
Hakusimama mtu.
Kigelegele kimoja kilianza, kikageuka kikohozi.
Mwenyekiti akatazama viatu vyake,
viatu vipya, lakini si kwa namna ile.
Na kule nyuma, penye moshi,
mkono ulinyanyuka, umeshika steelwaya,
kama mtoto anayeitikia mahudhurio
kwa niaba ya mwenzake wa dawati.

Nilitaka kurudia lile jina. Vidole vilishaanza.
MC akanyakua kipaza sauti:
“Mwanamuziki apumzike kidogo, ndafu inaingia!”
Ikaingia, majani mdomoni, imebebwa juu juu,
na watu wote wakasimama kumpokea mbuzi.

Walinilipa thelathini na mbili.
Nane tutakurushia kwenye simu, walisema.
Simu ninayo. Iko hapa. Imenyamaza.

Nilirudi Pasua kwa bodaboda, gitaa mgongoni,
na kila shimo la barabara lilisema jambo humo ndani.
Dereva akageuka: “Mzee, kuna kitu kimevunjika?”
Nikamwambia, tazama mbele.

Jumapili yake nilikuwa Kibosho, kipaimara,
kijana na tai iliyomzidi, shangazi watano, ndizi za kutosha.
Nikampigia wimbo wake, wa furaha, wa kuruka.
Kwenye kiitikio, nilipotikisa mkono,
ile sarafu ikaitikia nusu pigo kabla yangu.
Shangazi mmoja akauliza hiyo kayamba nimeificha wapi.

Fundi Kundaeli wa Mbuyuni anasema ni kazi ndogo.
Kulegeza nyuzi, kuligeuza tundu chini, dakika kumi,
hata pesa hatachukua, yeye anataka kumwona tu
huyo nyati anavyotoka.
Nimemwambia nitapita wiki ijayo.
Nilimwambia hivyo na wiki iliyopita.